Matairi ya spoti kati ya Kampala na Busia: seti tatu nilizotumia

Jumapili nimepiga magoti tena kando ya gari nikapima kina cha mifereji ya matairi, moja baada ya jingine. Mbele milimita 3.1, nyuma 3.4. Haya ni Michelin Pilot Sport 4, saizi 215/45R17, niliyoyafunga Februari 2023, na tangu hapo yametembea kilometa 34,000. Trafiki hawezi kunikamata kwa tairi la milimita 3, na vile vinundu vidogo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba tairi limekwisha, vipo kwenye milimita 1.6. Lakini mvua za Machi zimeshaanza, nami nayatoa. Naandika kwa sababu watu wengi wenye Subaru hapa Uganda huniuliza matairi ya namna hii yanadumu kiasi gani na wakiyabadilisha wachukue yapi. Nimepita seti tatu kwenye gari moja, barabara ileile, kwa hiyo nina cha kulinganisha.

Gari ni Legacy GT ya 2007, turbo, gia za mkono. Nilinunua Oktoba 2020. Naishi Kireka, na mama yangu yuko Busia, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili au tatu nashika barabara ya Mukono, Lugazi, Mabira, daraja la Jinja, Iganga, Bugiri, mpaka nyumbani. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 400. Siku nyingine ni foleni ya mjini, matuta na mashimo.

Seti ya kwanza ilikuja na gari kutoka Japani. Ukiyatazama matairi yale ungesema ni mapya, maana mifereji ilikuwa mirefu na hayana mkwaruzo. Nikafurahi kwamba nimeokoa hela. Mwezi uliofuata, saa kumi na moja jioni, mvua ikanikuta Mabira nyuma ya lori la miwa. Lori likashika breki, nami nikakanyaga. Nikasikia ABS, ule mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasifunge, ikigonga chini ya mguu, ta-ta-ta-ta, na gari likawa linakwenda tu kama limewekwa juu ya sabuni. Lilisimama hatua mbili kutoka kwenye miwa iliyoning'inia nyuma ya lori. Nilipofika Najjembe niliegesha, nikanunua gonja ambayo sikuweza kuila, mikono inatetemeka.

Siku ya pili kijana wa kuosha magari Busia ndiye aliyeniambia. Alibonyeza mpira kwa ukucha. "Anti, hii imekauka. Ukucha hauingii." Akanionyesha zile namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 1113. Wiki ya 11, mwaka 2013. Tairi lilikuwa na miaka saba na zaidi. Mpira wa tairi la spoti hushika lami kwa sababu ni laini, na ulaini huo huondoka kwa umri hata kama gari limelala kwenye maegesho. Tangu siku ile, namba hizo nne ndizo ninazosoma kwanza, kabla ya jina la kampuni.

Na wewe unayepokea gari kutoka Japani leo, tazama na neno STUDLESS ubavuni. Hayo ni matairi ya theluji. Magari mengi huteremka Mombasa nayo yamefungwa, na yapo pia kwenye marundo ya mtumba mjini. Yametengenezwa kushika barafu. Kwenye lami yenye joto yanaliwa upesi, na kwenye maji gari linachukua umbali mrefu kusimama. Hata ukipewa bure, usiyafunge.

Seti ya pili niliichagua kwa mfuko. Shilingi 310,000 kila moja, jina ambalo sikuwahi kulisikia, ubavuni pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni spoti. Muuzaji aliniapia, "Nnyabo, hizi utakwenda nazo miaka minne." Kwa kweli kwenye jua sikuwa na malalamiko. Kwenye mvua nilijifunza kuacha nafasi kubwa. Ila kilichoyamaliza matairi yale si mpira wake, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mwenye gari wa zamani alikuwa amelishusha kwa springi fupi. Gari likishushwa, magurudumu hulala kidogo kwa ndani juu, kwa hiyo uzito unaangukia ukingo wa ndani wa tairi. Juu ya hilo, bushi za chini mbele, vile vipande vya mpira kwenye maungio ya magurudumu, zilikuwa zimechoka, na magurudumu yalikuwa hayaangalii mbele sawasawa, yaani yanatembea huku yanajisugua lami kwa ubavu. Usukani haukuvuta upande wowote, kwa hiyo sikushuku kitu. Nje ya tairi niliona milimita 4, nikaridhika. Januari 2023, kwenye kilometa 21,000, nilikata usukani mpaka mwisho ili nitafute pete iliyodondoka. Nikapitisha vidole nyuma ya tairi la mbele kushoto. Kitu kikanichoma. Nilipoangaza simu, ukingo wa ndani ulikuwa kipara kabisa, na waya zimetokeza kama manyoya, zinang'aa. Nilikuwa nimetoka Busia usiku uliopita, kilometa mia moja kwa saa, na mtoto amelala nyuma.

Kwa hiyo mtu akiniuliza matairi ya spoti yanadumu kilometa ngapi, namuuliza kwanza: alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, ulipima lini? Nimeona gari lililokula tairi nzuri kwa kilometa 10,000 kwa sababu hiyo tu. Nilibadilisha bushi, nikarudisha springi za kawaida, nikapima alaimenti kwa shilingi 70,000, na tangu hapo napima kila kilometa 10,000 au mara tu nikigonga shimo la kutikisa meno. Ukipima, omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Fundi akikwambia "iko sawa" bila karatasi, tafuta kwingine.

Upepo nao. Vijana wengi wa pampu za barabarani hujaza PSI 40 kwa kila gari linalosimama. Bandiko la mlangoni mwa dereva linasema kipimo cha gari lako, na kinapimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Ukijaza sana unakula katikati, ukipunguza unakula mabega yote mawili. Kuhusu nitrojeni wanayouza kwa bei: hewa ya kawaida ni asilimia 78 nitrojeni. Mimi natumia hewa na kipimo changu mwenyewe.

Sasa haya Pilot Sport 4. Nililipa 690,000 kila moja, 2,760,000 kwa manne, na usiku ule sikulala vizuri. Kwenye ubavu yameandikwa 91Y: 91 ni uzito wa kilo 615 kwa kila tairi, Y ni mwendo wa mpaka kilometa 300 kwa saa, ambao hakuna barabara ya kwetu inayouhitaji. Usilipie herufi. Kilichonishawishi ni mvua. Wiki ya pili tu, Mabira ileile, maji yanatiririka barabarani, nilikanyaga breki kwa makusudi mahali peupe pasipo gari nyuma. Gari lilisimama kwa mstari ulionyooka na ABS haikugonga mpaka karibu na mwisho. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Kwenye kona za kuingia Jinja usukani unajibu papo hapo, na unajua magurudumu ya mbele yanafanya nini.

Kuhusu kudumu: mapya niliyapima milimita 7.5. Kwa hesabu yangu gari linakula milimita moja kila kilometa 7,700 hivi. Ningeamua kufika 1.6 ningebaki na kama kilometa 11,500 nyingine. Lakini mifereji ikifika milimita 3 maji hayatoki upesi kama mwanzo, na sehemu kubwa ya safari yangu ina mvua. Nimezungusha mbele na nyuma kila kilometa 8,000. Haya yana upande wa nje na wa ndani, ila hayana mshale wa kuzunguka, kwa hiyo yanaweza kuhamishwa kulia na kushoto pia. Yenye mshale yanakwenda mbele na nyuma tu upande uleule.

Shida niliyopata haikutoka kwenye tairi. Ilikuwa usiku, karibu na Bugiri, lori la upande wa pili limewasha taa kali, nikaingia shimo lenye kingo kali. Asubuhi ubavu wa tairi la nyuma kulia ulikuwa umetoa nundu kubwa kama nusu ya limau. Nundu maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Haliungwi, haliwekwi viraka, linatolewa. Ubavu wa 215/45 una urefu wa milimita 97 tu kati ya rimu na lami, na barabara zetu hazina huruma. Rafiki yangu mwenye Impreza WRX anatumia 205/55R16. Ubavu wake ni milimita 113, kimo cha gurudumu kinatofautiana kwa asilimia moja hivi, na mashimo yaleyale hayajamtoboa. Kama rimu za 16 zinapita kwenye breki za gari lako bila kugusa, mimi naona huo ni ushauri bora kuliko kubadilisha kampuni.

Nundu ile ilinifunza jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye gari linalovuta magurudumu yote manne, tairi moja jipya kati ya matatu yaliyotumika linaweza kuiumiza difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kwa sababu lile jipya ni kubwa zaidi na linazunguka mara chache kuliko wenzake, kwa hiyo difu inafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikinyooka. Subaru wanataka mzingo wa matairi usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6.4. Ukigawanya hesabu, hiyo ni milimita moja tu ya kina. Matairi yangu wakati ule yalikuwa yamebaki 5.9, jipya ni 7.5. Tofauti ya 1.6 ni milimita 10 za mzingo. Haiwezekani.

Nilizunguka Kisekka, soko la vipuri la Kampala, siku mbili nikitafuta mtumba wa aina ileile. La tatu nililooneshwa lilikuwa na kina cha 6.2 na namba 3321. Nilimwomba muuzaji taa, nikaingiza kichwa ndani ya tairi. Unatafuta vitu viwili: kiraka karibu na bega, na vumbi jeusi la mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu kwa ndani, dalili kwamba limewahi kuendeshwa bila upepo. Lilikuwa safi. Nililipa 260,000, na kabla ya kuondoka nikazungusha futi ya fundi cherehani kwenye matairi yote manne. Yule muuzaji alicheka, kisha akaniomba nimwonyeshe na yeye.

Hesabu ya hela, maana wengi mtauliza. Seti ya bei nafuu: 1,240,000 kwa kilometa 21,000, shilingi 59 kwa kilometa. Michelin pamoja na lile la mtumba: 3,020,000 kwa kilometa 34,000, shilingi 89. Kwa hiyo anayesema tairi ghali ni nafuu mwishowe, kwangu haikuwa hivyo, na ile seti ya bei nafuu ingefika mbali zaidi kama alaimenti ingekuwa nzuri. Tofauti ni shilingi 12,000 kwa safari nzima ya Busia. Mimi nazilipa kwa moyo mmoja, kwa sababu ya lile lori la miwa.

Mtaona pia namba ya TREADWEAR ubavuni. Ni kipimo cha Marekani, 100 ndiyo msingi, na namba kubwa huashiria tairi linalodumu zaidi. Ila kila kampuni hujipa namba yenyewe, kwa hiyo linganisha matairi ya kampuni moja. Yangu ni 320. Kuna ya 200 kama Bridgestone Potenza RE-71RS na Yokohama Advan Neova AD09, mazuri ajabu kwa wanaoshindana, lakini kwa foleni ya Jinja Road utakuwa unasaga hela. Kwa gari la kila siku nisingeshuka chini ya 300, na kwenye lebo ya Ulaya, ile herufi ya breki kwenye maji yenye picha ya wingu na matone, nisingekubali chini ya B.

Niliuliza maduka manne wiki hii. Wawili walikuwa na Pilot Sport 5 ya saizi yangu, mmoja akiwa na namba za 2022 huku akiita mapya. Nimechagua yenye 4024, yote manne ya wiki moja. Kesho asubuhi naanza kwa fundi wa bushi, halafu alaimenti, ndipo Jumamosi nikamwone mama.