Paneli zenye ufanisi mkubwa na inveta inayozifaa: tathmini kutoka Mji wa Kale wa Lamu

Mnunuzi wa sola hapa pwani huulizwa swali moja tu dukani: anataka wati ngapi? Swali hilo halitoshi, kwa sababu wati zilizoandikwa nyuma ya paneli hupimwa maabarani seli zikiwa na joto la nyuzi 25, hali ambayo paneli iliyoanikwa Lamu au Malindi haiioni mchana hata siku moja. Tathmini hii inahusu paneli za Jinko Tiger Neo za wati 575 pamoja na inveta ya mseto ya Deye ya kilowati 5 (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumika nyumbani), ambazo ndizo zinazoendesha nyumba yetu ya mawe huku mtaa wa Mkomani, na nitazilinganisha na aina nyingine ambazo mnunuzi wa pwani huzikuta madukani.

Jambo la kwanza ni joto, na ndilo linalostahili kuangaliwa kabla ya bei. Seli za paneli iliyo juani saa saba mchana hufika nyuzi 60 hadi 65 bila shida, na kila nyuzi moja inayozidi 25 hupunguza nguvu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya vipimo. Paneli za zamani za poli, zile za buluu zenye mabakabaka, hupoteza takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi. PERC, TOPCon na HJT ni majina ya namna za kutengeneza seli za paneli za siku hizi: za PERC, kama LONGi Hi-MO 5, hupoteza karibu 0.35, za TOPCon, ambayo ndiyo teknolojia ya Tiger Neo, karibu 0.30, na zile za HJT hushuka hadi karibu 0.25. Tarakimu hizo huonekana ndogo mpaka zizidishwe kwa nyuzi 40. Hapo Tiger Neo ya wati 575 hubaki na wati 506, na PERC ya wati 550 hubaki na wati 473, yaani pengo la wati 25 kwenye lebo limekuwa wati 33 juani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu muuzaji huwa mwepesi kutaja asilimia ya ufanisi, yaani sehemu ya mwanga inayogeuzwa kuwa umeme, na nadra sana kutaja asilimia ya joto, ilhali kwa mwambao wetu hiyo ya pili ina uzito usiopungua ya kwanza.

Ufanisi wenyewe una faida palipo na uhaba wa nafasi. Tiger Neo hii ina ufanisi wa asilimia 22 na kitu, kwa paneli yenye urefu wa mita 2.28 na upana wa mita 1.13. Sita kati yake hutoa kilowati 3.45 na kuchukua mita za mraba kumi na tano na nusu. Kwa poli za wati 280 tungehitaji paneli kumi na mbili na mita za mraba ishirini hivi kwa nguvu zinazokaribia hizo. Anayeishi Mji wa Kale anajua thamani ya mita hizo nne na zaidi, kwa kuwa huku juu ya paa bapa ndiko kunakoanikwa nguo na ndiko watu wa nyumbani wanakopunga upepo jioni. Siku ya jua kali mtambo kama huu unaweza kutoa uniti 13 hadi 15. Wakati wa masika, hasa mwezi wa Mei, mtu asitegemee kiasi hicho.

Kasoro yake kwa Lamu ni ukubwa wa kila kipande. Vyumba vya nyumba za mawe havifiki upana wa mita tatu kwa sababu vilijengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko, na paneli moja inakaribia kuziba upana mzima wa chumba kilicho chini yake. Uzito wake ni kilo 28, bila kuhesabu fremu na matofali ya zege ya kuikandamiza upepo wa kusi unapovuma, kwa hiyo miguu ya fremu haina budi kukaa juu ya kuta, si katikati ya boriti. Fundi wetu alilielewa hilo bila kuambiwa, naye hakutoboa sakafu ya chokaa ya paa hata mahali pamoja. Sakafu ikishatobolewa, maji ya mvua huingia na kuozesha boriti. Aliziinamisha nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Huku tuliko, nyuzi mbili na ushei kusini mwa ikweta, mwinamo huo unatosha, na kazi yake kubwa ni kuiachia mvua isafishe vumbi, chumvi na kinyesi cha ndege.

Lipo pia toleo la vioo viwili ambalo hupokea mwanga hata kwa upande wa nyuma. Sakafu iliyopakwa chokaa nyeupe hurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo mwenye kuta imara alifikirie kwa dhati, akijua kwamba kila paneli itapita kilo 30. Usafiri nao una masharti yake: kutoka Mokowe upande wa bara hadi gati ya Lamu kwa mashua, kisha vichochoroni kwa mabega ya mahamali, paneli zisimamishwe kwa ubavu na zifungwe zisicheze, kwani zikilazwa na kuwekewa mzigo juu hupata nyufa ndani ya seli zisizoonekana kwa macho, na hasara yake huja kudhihirika baadaye. Na kwa kuwa mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, ni vyema kuzungumza na ofisi ya Makavazi kabla ya kufunga chochote kitakachoonekana kutoka barabarani.

Inveta ndiyo inayoamua kama fedha zilizotumika kwenye paneli zitaleta umeme au zitapotea. Paneli hizi zina volti zipatazo 51 kila moja zikiwa hazijabebeshwa mzigo. Sita zikiunganishwa mfululizo ni volti 306 hivi, nayo Deye yetu ina kikomo cha volti 500, kwa hiyo pana nafasi ya kutosha. Paneli kumi kwa mfululizo mmoja zingefika volti 510 na zingeweza kuiunguza inveta. Hesabu hiyo ya kuzidisha haichukui hata dakika moja, na fundi anayefunga bila kuifanya hafai kupanda juu ya nyumba ya mtu. Kwa upande wa ampea, paneli za kisasa za ukubwa huu hutoa kati ya 13 na 14, na inveta zipo zenye milango ya paneli inayokubali ampea 13 tu. Hazitaungua kwa ziada hiyo ndogo, ila zitakata kilele cha mchana, na ukichagua paneli za vioo viwili kitakachokatwa kitazidi.

Jambo lililonifanya niichague Deye kuliko inveta nyingine za kilowati 5 ni kinga ya IP65, maana yake mwili wake umefungwa vumbi na maji yasipenye. Jirani yetu alinunua inveta yenye kinga ya IP20, isiyozuia maji wala vumbi, na kuifunga kwenye ngazi iliyo wazi kwa upepo wa bahari. Fundi alipoifungua, feni ilikuwa imevuta hewa ya chumvi muda wote, vichwa vya nyaya vimeota kutu ya kijani, na unyevu umetambaa juu ya bodi hadi penye skrubu. Inveta ya aina hiyo si mbovu kwa asili yake. Inafaa kwenye chumba kikavu kilichofungwa, na Malindi mbali na ufuo inaweza kukaa vizuri. Kwa paneli pia, uliza kama zimepimwa kwa kiwango cha IEC 61701 cha ukungu wa chumvi, na usikubali skrubu za chuma cha kawaida kwenye fremu ya alumini. Zitakazodumu ni za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316.

Inveta yoyote hula umeme wake yenyewe hata taa zote zikiwa zimezimwa. Inayokula wati 50 itamaliza uniti 1.2 kwa saa 24, kiasi kinachoweza kuendesha friji ndogo, na betri ndiyo inayolipa gharama hiyo usiku. Mawimbi ya umeme nayo yawe kamili kama ya gridi, kwa sababu yale ya bei rahisi hupasha moto injini za friji na pampu ya maji. Kwenye betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo ni uniti tano, hakikisha inazungumza na inveta kwa kebo ya mawasiliano. Bila kebo hiyo inveta hukisia chaji kwa kupima volti peke yake, na betri za lithiamu hazisomeki vizuri kwa njia hiyo.

Malindi hesabu hubadilika. Jua lake halina shaka, na kituo cha Malindi Solar kule Langobaya, chenye paneli za megawati 52, kimekuwa kikilisha gridi tangu mwisho wa 2021. Mwenye nyumba ya mabati yenye nafasi ya kutosha, isiyofunikwa na kivuli cha minazi, hahitaji kulipia ufanisi wa TOPCon. Achukue PERC mbili zaidi, aziinue sentimita 10 au zaidi juu ya mabati ili hewa ipite chini yake, na salio aliweke kwenye inveta na betri. Popote alipo, fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati nchini Kenya, na karatasi za vipimo za paneli na inveta ziwekwe mezani pamoja kabla ya malipo yoyote. Duka lisiloweza kuzitoa zote mbili, mimi singenunua kwake.