Uzoefu wangu na Story of Yanxi Palace: fitina za jumba la mfalme, na steringi asiyekubali kuonewa

Kama umechoshwa na tamthilia ambazo steringi analia nusu nzima ya hadithi ndipo akumbuke kujibu, anza na hii tamthilia ya Kichina ya mwaka 2018. Wei Yingluo anaingia kwenye jumba la kifalme la Beijing mwaka 1741, enzi za Mfalme Qianlong, akiwa kijakazi wa chumba cha kudarizi. Ana lake jambo: dada yake alikuwa mtumishi humohumo, sasa ni marehemu, na yeye anamtaka aliyehusika. Hata jumba hajalizoea, tayari kamwangusha mtu.

Mabinti wa koo kubwa wamekuja ili mfalme achague wake. Mmoja ana dharau, anawanyanyasa vijakazi. Yingluo anajifanya kumsaidia, anamchongea ua la yungiyungi kwenye soli za viatu na kuzitia unga, ili kila hatua iache ua sakafuni. Binti anapita kwa maringo. Mfalme anawaka: maua yale yanamkumbusha kisa cha kale cha suria na mfalme mpotevu, pamoja na desturi ya kufunga miguu, ambayo Wamanchu, watu wa kabila la mfalme huyu, waliwakataza wanawake wao. Binti anafukuzwa papo hapo. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Hicho ndicho kilichoniteka. Wake wenza hawa hawagombani kwa makelele. Silaha zao ni uzi, viatu, matunda, dawa ya kikohozi. Uzi wa manyoya ya tausi wa kushonea vazi la sikukuu ya kuzaliwa kwa Malkia Fuca unaibwa. Yingluo anatumia nywele za mkia wa kulungu, kisha anajitetea kwamba mababu wa Kimanchu walivaa hivyo kabla ya utajiri kuja. Malkia, asiyependa makuu, anafurahi. Fuca wa kweli naye alisifika kwa kuvaa maua ya kutengenezwa badala ya vito. Tazameni pia masikio ya wanawake: hereni tatu kila sikio, kama Wamanchu walivyovaa. Na rangi za nguo zimetulia, hazikuumizi macho.

Qin Lan ni Malkia Fuca, na mimi nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Wu Jinyan kama Yingluo ana macho makavu yanayosema "subiri uone". Ila kwa uigizaji namtunza Charmaine Sheh. Anaigiza Nara, mke mwingine wa mfalme, anayeanza mpole, mwenye haki, hadi ndugu zake wanapoangamia mmoja baada ya mwingine. Tangu hapo anatabasamu vilevile, lakini wewe mtazamaji unaanza kuogopa.

Sasa lawama. Ina sehemu 70, na ni nyingi mno. Malkia Fuca akishaondoka (samahani kwa kufichua), utamu unapungua nusu. Historia inasema alifariki mwaka 1748 huko Dezhou, safarini na mfalme. Humu wamempa kifo kingine, nami sikukipenda, ingawa nililia. Wabaya wa mwisho mwisho ni wepesi, na Yingluo ameshakuwa mtu wa kushinda kila kitu. Kuna mpaka radi inayompiga adui wake kwa wakati muafaka. Jamani.

Vyeo vitakuchanganya mwanzoni. Shika hivi: malkia ni mmoja, chini yake Huangguifei, halafu Guifei, Fei, Pin, Guiren. Mtu akipanda cheo jina la kuitwa linabadilika, kwa hiyo ukisinzia kidogo unadhani kaja mgeni. Mimi niliangalia kwa maandishi ya Kiingereza, nayo yanapita mbio; kuna mahali lazima urudishe nyuma. Bando la kutosha ni muhimu.

Ukimaliza, tafuta Ruyi's Royal Love in the Palace, nayo ya 2018, sehemu 87. Mfalme ni yuleyule, wake walewale, lakini huyu Nara aliyetutesa huku ndiye steringi kule, na yule aliyetoka ukoo wa Wei ndiye nyoka. Nara wa kweli alikata nywele zake mwaka 1765, jambo la mwiko mkubwa, na kila tamthilia inalieleza kivyake. Nimeianza, Zhou Xun anaigiza vizuri, ila bado moyo wangu unakataa kumhurumia Nara.