Kliniki ya lishe inayojua kumpima mtu aliyeketi

Kliniki hii ndogo ya lishe iliyoko upande wa Nyali, Mombasa, haijitangazi sana, na wengi wanaoijua ni sisi tunaotumia viti vya magurudumu baada ya kuumia uti wa mgongo. Nimehudumiwa hapo kwa muda wa kutosha kuweza kuitolea maoni, na la kwanza la kuisifu ni namna inavyopima, kabla hata ya kuzungumzia sahani.

Kwingi mtu hupimwa kwa kugawanya uzani wa kilo kwa mraba wa urefu wa mita, akaambiwa yuko sawa maadamu hajafikia 25. Kwa aliyepooza hesabu hiyo hudanganya, kwa sababu misuli iliyo chini ya pale palipoumia husinyaa katika miezi ya mwanzo, mafuta yakachukua nafasi yake, na mizani isione tofauti yoyote. Ndiyo maana watafiti wamependekeza kwamba kwetu sisi unene wa kupindukia uhesabiwe kuanzia 22. Mtaalamu wa hapa analijua jambo hilo. Ana mizani pana inayopandwa na kiti pamoja na aliyekikalia, kisha kiti hupimwa peke yake na uzani wake ukatolewa. Kiuno nacho hupimwa kwa utepe mtu akiwa amelala chali, kwani tumbo la aliyeketi hujikunja na kuharibu kipimo.

Baada ya hapo ndipo huja chakula. Mwili uliopoteza misuli hutumia nguvu kidogo hata ukiwa umepumzika, na makadirio anayoyafuata ni kama kalori 28 kwa kila kilo kwa aliyepooza miguu, na 23 kwa aliyepooza mikono na miguu. Mtu wa kilo 60 aliyepooza miguu anapata takriban kalori 1,700 kwa siku, na mahamri ya asubuhi pamoja na viazi karai vya jioni huzimaliza upesi. Hata hivyo, sikupigwa marufuku chochote: mbaazi zimebaki ila tui limekuwa jepesi, mahamri yamepungua, na samaki wa kupaka amepishana na changu wa kuchoma. Kumwambia mtu wa Mombasa aache nazi kabisa ni kupoteza pumzi, naye analijua hilo. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba aliye na kidonda cha shinikizo, kile kinacholetwa na kukaa au kulala mkao mmoja kwa muda mrefu, hapunguziwi chakula kwanza, bali huongezewa protini hadi gramu 1.25 au 1.5 kwa kila kilo ya mwili, mpaka kidonda kifunge.

Palipo dhaifu ni karatasi ya maelekezo anayokabidhiwa kila mgonjwa, ambayo bila shaka iliandikiwa watu wanaotembea. Inahimiza nyuzinyuzi kwa wingi na maji glasi nane, ilhali utumbo wetu ni mzito, na nyuzinyuzi zikiongezwa ghafla huleta gesi na choo kigumu zaidi. Inafaa kuanza na gramu 15 hivi kwa siku na kupanda polepole. Maji nayo, kwa anayejitoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa kadhaa, hugawanywa kwa ratiba ili kibofu kisipitishe mililita 500. Mtaalamu mwenyewe huyaeleza haya vizuri akiulizwa, lakini mgonjwa mgeni hajui la kuuliza.

Mashine ya kupima mafuta kwa umeme, inayolipiwa kando, siipendekezi. Hukisia mafuta kutokana na maji ya mwilini, na miguu iliyovimba kwa kuning'inia kutwa nzima hulivuruga jibu lake. Fedha hiyo heri inunue samaki.

Njia ya kuingilia ina mteremko mzuri, ingawa mlango wa choo haupitishi kiti kipana, kasoro isiyoeleweka kwa wateja wa aina yetu. Atakayekwenda aandike kwanza aliyoyala juma zima, pamoja na kashata za barazani, kwa kuwa ataulizwa.