Riwaya ya Mashindano ya Mapishi Mikindani: Penzi Limeiva, Tui Limekatika

Mama lishe kijana wa Mikindani na mpishi wa hoteli wa Mtwara mjini wanagombea taji moja la mapishi, na kama ilivyo ada ya riwaya za mapenzi, msomaji anajua mapema wataishia wapi. Raha yenyewe iko jikoni. Mwandishi anaijua pwani ya kusini: ming'oko, mizizi ya porini inayofanana na viazi, inachemshwa na maganda yake na kuliwa kwa chumvi na pilipili, pweza anapigwa kwanza ili nyama ilegee, ndipo anachemka kwa maji yake mwenyewe.

Sura bora ni ya samaki wa korosho. Robo kilo ya korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa, inalowekwa kwenye maji ya moto nusu saa, inasagwa laini, inazimuliwa kwa vikombe 3 vya maji na kubandikwa moto mdogo. Rojo la korosho huwa zito ghafla na kushika chini, kwa hiyo mwiko haupumziki. Mpishi wa hoteli anaona muda unamwishia, anaongeza moto, harufu ya kuungua inapanda. Binti anaacha sufuria yake, anamimina mchuzi wa mpinzani kwenye sufuria nyingine bila kukwangua chini, maana ukikwangua tu uchungu unaenea wote. Hawaambiani neno. Hakuna busu humo kitabuni linalofikia tukio hilo.

Kwenye tui ndipo mwandishi alipoteleza. Tui zito linafunikwa na kuchemshwa dakika 20, eti linatoka laini! Lingekatika, mafuta yaelee juu. Samaki huiva kwenye tui jepesi. Tui zito huingia mwisho, sufuria wazi, ikitikiswa badala ya kukorogwa ili samaki asivunjike, na huepuliwa mara linapoanza kutokota. Ndimu hukamuliwa baada ya kuepua.

Mama wa mpishi wa hoteli, kikwazo cha penzi karibu kitabu kizima, analainika kwa simu moja tu. Msomaji alistahili zaidi.

Kitabu ni cha kununua, ila mapishi yaliyowekwa mwishoni yana kosa: yanataka korosho za kukaanga zenye chumvi. Hizo hutoa mchuzi wa kahawia wenye chumvi iliyozidi. Tumia zisizokaangwa, hata vipande vilivyovunjika vinafaa, tena bei yake ni nafuu.