Biblia ya kusikiliza: miezi mitatu ya ibada ya jioni nyumbani

Tumetumia programu hii kwa miezi mitatu kwenye ibada ya jioni, mimi, mume wangu na watoto wawili. Tulianza na Mithali kwa kuwa ina sura 31, moja kwa kila siku ya mwezi, kisha tukaingia Luka.

Sauti ya msomaji ndiyo iliyonishika. Hakimbii. Akifika kwa mwana mpotevu, pale baba anapomwona mwanawe "alipokuwa angali mbali", anapunguza mwendo. Kijana wangu wa miaka tisa, ambaye siku zote huchezea vifungo vya shati lake, aliviacha, akaniuliza: "Mama, kwani baba yake alikuwa anamngoja kila siku?" Tuliongea mpaka saa ya kulala ikapita, na hakuna aliyelalamika.

Kasoro zipo. Matangazo hujitokeza sura inapoisha, wakati ule ule tunaotaka kunyamaza tuombe. Inauma. Siku hizi napakua sura mapema, nazima intaneti. Zaburi ya 119 nayo, yenye mistari 176, inasomwa moja kwa moja bila kituo, ingawa imegawanyika vizuri katika beti 22 za mistari 8.

Simu naiweka juu ya kabati, kioo chini, asiishike mtoto. Biblia ya karatasi anaishika binti yangu, akifuata maneno kwa kidole. Msomaji akimpita, ananiomba nirudishe nyuma.

Nyota nne. Wakiondoa matangazo, nitaongeza ya tano.