Nyota nne kwa hii programu ya kubadili vipimo vya chaji

Nimeitumia miezi mitatu sasa, mi ni fundi simu na sola huku Mbeya, na kitu cha kwanza nilichokipenda haili bando. Unaandika namba, unachagua mAh (miliampea-saa), Ah (ampea-saa) au kulombu, jibu linatoka hapohapo na chini yake inakuonyesha imezidisha kwa ngapi. Hapo ndo imemsaidia mdogo wangu wa kidato cha tatu, maana alikuwa anajua vizuri kabisa kwamba kulombu moja ni ampea moja ikipita kwa sekunde moja ila akikutana na ampea-saa anaganda, sasa kaona mwenyewe saa ina sekunde 3,600 kwa hiyo 1Ah ni kulombu 3,600 na 1mAh ni 3.6, basi. Tukaweka betri yangu ya sola ya 100Ah, ikaleta 360,000, dogo akabaki mdomo wazi.

Kingine, ukitaka kutoka mAh kwenda Wh (wati-saa, yaani nishati, ni Ah mara volti) lazima ikuulize volti kwanza. Safi sana hii! Nyingine nilizowahi kuweka kwenye simu zinakupa tu jibu, sijui zinalitoa wapi, wakati 7Ah ya volti 12 na 7Ah ya volti 3.7 ni vitu viwili tofauti kabisa. Mteja akileta pawabenki ya 10,000mAh nikaipima kwa kimita cha USB ikasoma elfu sita na kitu, anaruka kwamba kauziwa feki. Namfungulia programu: ile 10,000 ni ya seli za ndani, volti 3.7, sawa na 37Wh, kwenye USB inatoka volti 5 kwa hiyo gawa kwa 5 unapata 7.4Ah, yaani 7,400mAh, na hapo bado hujatoa inayopotea kwa joto. Wengi wanaelewa wakiona namba zenyewe.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya namba ndogo. Dogo kaweka chaji ya elektroni moja, 1.602 × 10⁻¹⁹ kulombu, akaipeleka kwenye mAh, ikaandika 0. Sifuri kabisa! Mwanafunzi akiona hivyo si atajua elektroni haina chaji? Hata nanokulombu moja (sehemu ya bilioni moja ya kulombu) nayo ikasoma 0. Watengenezaji naomba mtuwekee majibu ya kumi kwa kipeo, hata kama ni kitufe kidogo pembeni, nikiiona tu nakuja kuongeza nyota.