Tulivyokodi wapiga violin kwa harusi ya dadangu, Cotswolds

Jamani nilidhani tunatupa hela kukodi watu wanne waje wapige muziki wa klasiki kwenye jumba la kale la mawe kule Uingereza vijijini, ila niseme ukweli, walikuwa moto. Violin mbili, viola (kama violin ila kubwa kidogo) na cello (lile kubwa la sauti nzito), spika hakuna hata moja, kuta zenyewe zinarudisha sauti. Bibi harusi kaingia na Canon, kile kibao cha klasiki cha mtunzi Pachelbel, yule wa cello kazi yake noti nane zilezile, ukiipiga yote ni mara 28, nikamuonea huruma lakini mwenyewe anatabasamu tu. Kasheshe ni manyunyu, wakagoma kukaa bustanini maana violin na maji haviivi chungu kimoja, tukahamisha viti mbiombio huku shangazi analalamikia kilemba chake. Ukiwakodi andaa sehemu yenye paa mapema. Taarab niliwaomba, wakacheka.